Unasikiliza Nini Siku Hizi? Jibu Lako ni Ushahidi



Ndugu msomaji, vijana wakikutana siku hizi, wakishasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, swali halichelewi: "Unasikiliza nini siku hizi?" Mmoja hutoa simu, mwingine husogeza sikio, na kabla ya dakika mbili kwisha wimbo umeshahama kutoka simu hii hadi ile. Ikifika jioni umeingia makundi matatu ya WhatsApp. Kesho yake watoto wa darasa la nne wanauimba njiani, wala hawajui nani kauimba wala anasema nini.

Swali hilo huonekana dogo. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona si dogo hata kidogo. Anayelijibu anatoa ushahidi. Anawaambia wenzake: jambo hili nimelisikia, nimeliona lina thamani, nanyi lipeni wakati wenu. Ushahidi una haki yake, nayo ni kwamba shahidi aseme alichokisikia yeye mwenyewe. Hilo ndilo neno letu la leo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Kabla hatujaendelea tuweke jambo moja wazi. Hatukukusudia kutoa hukumu ya muziki. Wanazuoni wamekhitilafiana juu yake tangu zamani, na anayetaka kujua ana walimu wake hapa hapa. Awaulize kwa adabu, watamjibu. Sisi tunazungumza juu ya jambo linalotokea kila siku, mbele yetu na nyuma yetu, tukilipenda tusilipende: namna watu wanavyoambizana nini cha kusikiliza.

HABARI ZILIVYOSAFIRI ZAMANI

Tusidhani kwamba kuambizana nyimbo kumeletwa na simu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, sifa yake ilikuwa imeshatangulia kwa midomo ya watu. Walimsikia wachache, wakawaambia wengi. Na santuri zilipokuja, si kila nyumba ilikuwa na gramafoni. Watu walikusanyika kwa aliyenayo, wakasikiliza pamoja, wakajadiliana maneno.

Kisha ikaja redio, na kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika wimbo anaoutaka na majina ya watu anaowasalimu, akaipeleka posta, akangoja. Huenda ikasomwa wiki ile, huenda isisomwe kabisa. Mtu aliyetumia fedha yake na subira yake kuomba wimbo mmoja hakuutaja ovyo.

Halafu zikaja kanda, ambazo kampuni ya Philips ilizitoa kwanza mwaka 1963 na baadaye zikaenea pwani yetu yote. Taarabu iliyopigwa harusini ilirekodiwa pale pale, kisha ikanakiliwa. Kanda za Zein l'Abdin wa Lamu na za Juma Bhalo wa Mombasa zilipita mkono kwa mkono, nyingine zimenakiliwa mara nyingi hata sauti ikafifia. Angalieni jambo hili: kwa mashine nyingi za nyumbani, kunakili kanda ya saa moja kulichukua saa moja. Aliyekupa kanda alikuwa amekupa saa nzima ya siku yake, na katika saa hiyo kanda iliimba mbele yake. Hakuweza kukupa asichokisikia.

Leo kidole kimoja kinapeleka wimbo kwa watu mia mbili, na mwenye kidole hajausikiliza hata robo. Hapa ndipo mambo yalipobadilika. Si kwamba watu wa zamani walikuwa wema kuliko sisi. Kazi yenyewe iliwalazimisha kusikiliza kabla ya kusema. Sisi hatulazimishwi na kitu, kwa hiyo ni juu yetu kujilazimisha.

JE, KIZURI CHAJIUZA?

Huenda ukasema: "Hata nikikosea, wimbo mbaya utakufa wenyewe na mzuri utapanda. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii tunaipenda, na katika mambo mengi ni kweli. Lakini katika habari ya nyimbo watu wameipima, na majibu yake yanafaa kujulikana na kila kijana mwenye simu.

Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, nao ni Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha mwaka 2006 matokeo ya jaribio lao katika jarida la Science. Walichukua nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wakaziweka mtandaoni, wakawaalika watu wasikilize, wazipe alama, na wachukue wanazozipenda. Watu 14,341 walishiriki. Baadhi yao walisikiliza kila mtu peke yake, bila kujua wenzake wamechukua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona idadi ya watu wa kundi lake waliouchukua kila wimbo. Nyimbo zilikuwa zile zile, na makundi yote yalianza na sifuri.

Kama kizuri chajiuza, makundi yote manane yangefikia orodha moja. Haikuwa hivyo. Kila kundi lilipata washindi wake. Wimbo mmoja wa kikundi kiitwacho 52metro, ambao kwa wale waliosikiliza bila kuona idadi ulishika nafasi ya 26, ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika kundi jingine! Nyimbo zilizo bora sana hazikuanguka kabisa mara nyingi, na mbovu sana hazikupanda sana. Lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilipanda au kushuka kufuatana na akina nani walitangulia kuzisifu.

Baadaye wawili kati ya watafiti hao, Salganik na Watts, walifanya jaribio jingine, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Safari hii waligeuza idadi makusudi: wimbo wa mwisho ukaonyeshwa kuwa wa kwanza, na wa kwanza ukaonyeshwa kuwa wa mwisho. Watu wengi waliufuata uongo ule. Nyimbo zilizo bora zilijikongoja na kuanza kupanda tena polepole, lakini katika orodha ile iliyopotoshwa watu walichukua nyimbo chache zaidi kwa jumla. Waliposikiliza walivyosifiwa hawakuvipenda, wakaishia hapo.

Ndugu msomaji, tafakari hapo. Sifa ya uongo haikumdhuru mwimbaji mzuri peke yake. Iliwapunguzia wasikilizaji wote hamu ya kusikiliza. Kwa hiyo methali yetu tuiongezee maneno machache: kizuri chajiuza kikipata shahidi wa kweli. Na shahidi huyo ni wewe, unapoulizwa unasikiliza nini siku hizi.

NAMBA NAZO HUNUNULIWA

Wengi wetu tunapopendekeza wimbo hatusemi maneno yetu. Tunasema: "Huu una milioni kumi YouTube." Hapo hatukutoa ushahidi, tumesoma namba tu. Na namba, tangu zamani, watu hununua.

Mwaka 1960 Bunge la Marekani lilichunguza watangazaji wa redio waliokuwa wakilipwa kwa siri ili wapige nyimbo fulani. Msikilizaji alidhani mtangazaji ameupenda wimbo, kumbe bahasha ndiyo iliyoupenda. Mwaka huo huo sheria ikatungwa ya kukataza malipo hayo ya kificho.

Leo bahasha imebadilika sura. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mtu mmoja wa North Carolina. Mashtaka yalisema kwamba alitumia mamia ya maelfu ya nyimbo zilizotengenezwa kwa akili bandia, akaziweka katika programu za muziki, kisha akatumia akaunti za uongo zinazoendeshwa na kompyuta kuzisikiliza mabilioni ya mara. Kwa njia hiyo, kwa mujibu wa mashtaka, alijipatia zaidi ya dola milioni 10. Mashine imetunga, mashine imesikiliza, na binadamu kalipwa. Na kwa kuwa fedha za programu hizo hugawanywa kutoka mfuko mmoja, kilichoingia mfukoni mwake kilitoka kwenye fungu la waimbaji wengine.

Katikati ya mwaka 2025 kikundi kiitwacho The Velvet Sundown kilipita wasikilizaji milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify. Watu walianza kuuliza: hawa ni akina nani, wamewahi kupiga wapi, nani amewaona? Mwisho maelezo ya kikundi chenyewe yakakiri kwamba muziki ule ulitengenezwa kwa msaada wa akili bandia. Ni wangapi waliokuwa wameshawaambia wenzao, "Kuna kikundi kipya, kisikilizeni," bila kuuliza swali hata moja?

Sisi wanafunzi wa madrasa tuna ada ambayo ilipasa itulinde. Tunaposoma hadithi tunafundishwa kuuliza: nani kaipokea, na kaipokea kwa nani? Hatulinganishi maneno ya Mtume (s.a.w.) na nyimbo za mitaani, hasha! Tunasema tu kwamba akili iliyozoeshwa kuuliza "Umeipata wapi? Wewe mwenyewe umeisikia?" haifai kulala usingizi pale simu inapofunguliwa.

USHABIKI NA KUJIONYESHA

Kuna mambo mengine mawili yanayoharibu ushahidi, na haya hayatoki Marekani. Yako barazani petu.

La kwanza ni ushabiki. Tumeyaona kwa mashabiki wa Diamond Platnumz na wa Alikiba. Wimbo wa huyu ukitoka, upande mmoja husifu kabla haujafika katikati, na upande wa pili hutukana kabla haujaanza. Wote wawili hawakuusikia. Waimbaji hao wana kazi zao na kila mmoja ana sauti yake, wala hakuna haja ya kumvunjia mmoja ili kumjenga mwingine. Mtu mwenye sikio huweza kusema: "Nampenda huyu, lakini wimbo wake huu haukunigusa." Ukimsikia mwenzako akisema hivyo, mshike huyo, kwani akisifu siku nyingine utamwamini.

La pili ni kujionyesha. Baadhi yetu hatutaji tunachosikiliza, tunataja kinachotupa sura nzuri. Stetasi ya simu imejaa nyimbo mpya za wiki hii, lakini masikioni kuna kanda ya zamani ya mama yetu. Kwani kuna aibu gani? Na kuna wengine wakiulizwa, "Umeusikia wimbo wa fulani?" huitikia "Aa, mzuri sana!" ili wasionekane washamba. "Sijausikia" ni neno la heshima kabisa. Mwanafunzi anayeweza kulisema darasani mbele ya ustadhi, na alilisema jana alipoulizwa somo, asishindwe kulisema mbele ya rika zake.

ADABU ZA KUPENDEKEZA

Basi tufanye nini? Hatusemi watu wanyamaze. Kunyamaza ni kuziachia namba uwanja. Tunasema mwenye kusema aseme vizuri. Nasi tunapendekeza adabu tano.

Kwanza, sikiliza mpaka mwisho kabla ya kumpelekea mtu. Nyimbo nyingi siku hizi hupita kwa vipande vya sekunde kumi na tano, na kipande si wimbo. Maneno ya haya huanza vizuri, na maneno ya utovu wa haya pia huanza vizuri. Utakachokuta ubeti wa tatu hukukiona kwenye kipande.

Pili, taja wenyewe. Nani ameimba, nani ametunga? Watu wengi wanamjua Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, lakini si wengi wanaojua kwamba baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na Ustadh Ahmad Nassir, mshairi wa Mombasa mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Ukimtaja mtunzi umemrudishia haki yake, na umemwonyesha mwenzako mlango wa pili wa kuingilia. Kijana anayempenda Zuchu, aliyejulikana mwaka 2020, akiambiwa kwamba huyo ni binti wa Khadija Kopa, ataitafuta taarabu ya mama. Akiipata taarabu ya mama atauliza nani alimtangulia, naye atafika kwa Siti binti Saad. Wimbo mmoja wa wiki hii umempeleka karibu miaka mia nyuma, kwa sababu kuna aliyemtajia majina.

Tatu, sema sababu. "Kali sana" si sababu. Sema: sauti yake inapanda vizuri pale mwisho, anavyopiga udi haharakishi, mashairi yana vina na yamekamilika mizani, Kiswahili chake ni safi, maneno yake yalinikumbusha marehemu babu. Ukikosa la kusema, huenda wimbo haukukugusa, umekuzoea tu kwa kurudiwarudiwa.

Nne, mtazame unayemwambia. Kinachomfaa mtu wa miaka ishirini si lazima kimfae wa miaka tisa, na wadogo zetu hawatufuati kwa tunayowafundisha, wanatufuata kwa tunayofanya. Kama wimbo huwezi kuupiga mama yako akiwa sebuleni, una haja gani ya kuupeleka kwenye kundi lenye watoto wa majirani? Na wakati pia hutazamwa. Usiku wa kuamkia mtihani mwache mwenzako asome.

Tano, usilidharau sikio la mtu. Yuko anayependa rumba ya Kongo, yuko anayependa taarabu, yuko wa Bongo Fleva, na yuko ambaye ameamua kusikiliza kasida na Kurani tu, akaacha mengine yote. Huyu wa mwisho akiulizwa anasikiliza nini hujibu bila kuona haya, na jibu lake ni ushahidi kama wa wengine, tena mara nyingi ni mkweli zaidi. Asichekwe. Naye pia asiwacheke.

"LAKINI NI STAREHE TU"

Tunajua wako watakaosema tumelikuza jambo. Nyimbo ni starehe, watasema, na kumwambia rafiki wimbo si sawa na kutoa ushahidi mahakamani. Kweli, si sawa. Hakuna atakayefungwa kwa kusifu wimbo mbovu.

Lakini angalieni nini kinachopotea. Kinachopotea kwanza ni wakati, nao haurudi. Pili ni riziki ya watu. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi mirabaha kwa wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kwa nyota wa dunia mara 1,000 ni pumzi moja. Kwa kijana wa Tanga au wa Malindi aliyerekodi kwa fedha ya kukopa ni mlima. Lakini hesabu ni rahisi: watu 50 wakiusikiliza wimbo wake mara 20 kila mmoja kwa mwaka, yaani chini ya mara mbili kwa mwezi, mlima umepandwa. Fedha yenyewe ni ndogo. Hata hivyo, bila watu 50 wa kwanza waliosema kweli, hakuna wa 51. Tunapozisukuma mbele nyimbo zilizokwisha kusukumwa na fedha, na kuwanyamazia wale tuliowasikia kwa masikio yetu na tukawapenda, tumemnyima mtu fungu lake bila kujua.

Na cha tatu kinachopotea ni imani ya watu kwetu. Aliyekuambia mara tatu "sikiliza hiki" ukakuta debe tupu, mara ya nne humsikilizi. Na siku atakapokuwa na jambo la maana la kukuambia, liwe la kitabu, la dawa au la safari, sauti yake imeshachakaa. Ukweli haugawanyiki ukawa na sehemu ya mambo makubwa na sehemu ya mambo madogo. Ulimi ni mmoja, na uliozoea kusifu usichokijua katika nyimbo utasifu usichokijua katika mengine.

Wahenga wamesema pia kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Nyimbo nyingi zinazovuma mwezi huu zitakuwa zimepasuka kabla gazeti hili la mwaka ujao halijatoka. Zitakazobaki ni zile ambazo mtu mmoja alizisikiliza kwa utulivu, akazipenda kwa sababu anayoijua, akamwambia mwenzake kwa jina la mwimbaji na jina la mtunzi. Hivyo ndivyo sauti ya Siti ilivyotufikia sisi ambao hatukuwahi kumwona.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzetu, mkiulizwa leo mnasikiliza nini, jibuni mlichokisikia. Kama ni wimbo mpya, semeni. Kama ni wa bibi, semeni. Kama ni kasida, semeni. Na kama wiki hii hamkusikiliza kitu, semeni hivyo hivyo, kisha muulizeni aliyewauliza: "Na wewe je, umeusikiliza mpaka mwisho?"

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.